Kazi ya Saa 40 na Masomo ya LPN: Jibu kwa Msomaji wa Lowell

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka tisa na mitano, na ninaishi Lowell, Massachusetts. Nimekuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, katika nyumba ya wazee kwa miaka sita. Zamu yangu ni ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, siku tano kwa wiki, na mara nyingi huongezewa dabo, yaani zamu mbili mfululizo, wikendi. Mume wangu anaendesha lori na hulala nje usiku mwingi. Nina grini kadi. Ninataka kusomea LPN, yaani nesi mwenye leseni aliye ngazi moja chini ya nesi kamili, RN, lakini siwezi kuacha kazi, kwa kuwa bima ya afya ya familia iko kwangu na nyumbani Nyeri kuna mama ninayemtunza. Wenzangu wengine wanasema walifanya kazi na kusoma kwa pamoja na wakamaliza. Wengine waliacha katikati na deni likabaki. Je, inawezekana? Na cheti changu cha sekondari cha Kenya, KCSE ya 2003, kitakubaliwa, au kimeshazeeka?

Jibu: Dada yangu, inawezekana, lakini si kwa zamu uliyo nayo sasa. Wenzako waliomaliza na wenzako walioacha wote wanakuambia kweli, na mara nyingi kilichowatofautisha hakikuwa akili wala bidii bali mpangilio wa saa zao. Waliomaliza walibadilisha ratiba ya kazi kabla ya kulipa karo. Wengi wa walioacha waliingia darasani wakiwa na ratiba ile ile ya zamani, wakitumaini kwamba mambo yangejipanga yenyewe njiani. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu kazi yako kuliko shule, maana kati ya hizo mbili ni kazi inayoweza kusogezwa.

Shule haisogezwi, na ni vyema uelewe kwa nini. Kozi ya CNA uliyoifanya inatawaliwa na sheria ya shirikisho inayodai angalau saa 75 za mafunzo, na majimbo mengi huongeza juu ya hapo. Kozi ya LPN, ambayo Texas na California huiita LVN, hupangiwa viwango na bodi ya uuguzi ya kila jimbo. California, kwa mfano, inadai saa 1,530, yaani 576 za nadharia na 954 za vitendo. Massachusetts ina hesabu yake, lakini utaratibu haubadiliki: saa zako zikipungua, shule haiwezi kuithibitishia bodi kwamba umehitimu, na bila uthibitisho huo huwezi kufanya mtihani wa leseni, NCLEX-PN. Mwalimu mwenye huruma anaweza kukuongezea siku mbili za kuwasilisha kazi ya maandishi. Siku ya wodini uliyoikosa hana mamlaka ya kukusamehe. Siku hiyo hufanyika katika kituo kilichokubaliana na shule, kikundi kidogo cha wanafunzi kikiwa chini ya mwalimu mmoja, na kuirudia maana yake ni mwalimu alipwe tena na kituo kikubali tena kuwapokea. Ndiyo maana shule nyingi huruhusu siku chache sana za kukosa, na baadhi yake hutoza ada kwa kila siku ya kufidia.

Sasa tufanye hesabu ya wiki, yenye saa 168. Kozi ya mchana, ambayo humalizika kwa takriban miezi kumi hadi kumi na miwili, itakuchukua kama saa 30 kwa wiki ukijumlisha darasa, maabara na wodi. Kusoma nyumbani, weka saa 18. Kazi ni 40, usingizi wa saa saba kila usiku ni 49, na safari za kwenda na kurudi zitakula si chini ya 10. Hapo tumefika 147, na zimebaki 21, yaani saa tatu kwa siku za kupika, kufua, kuoga, kwenda kanisani, kukagua kazi za shule za watoto na kupiga simu Nyeri. Kwenye karatasi zinatosha. Lakini hesabu hiyo haina nafasi hata ya mtoto kuugua homa siku mbili, na siku atakapougua, kitakachokatwa ni usingizi, kwa kuwa ndicho kitu pekee katika orodha ambacho hakina msimamizi wa kukupigia simu. Zaidi ya hayo, tazama saa zenyewe zinavyokaa katika hali yako. Siku za wodini huanza saa moja kasorobo asubuhi au karibu na hapo, kwa hiyo utaondoka watoto wakiwa wamelala. Ukitoka shuleni saa nane na nusu mchana utakwenda moja kwa moja kazini, na utakaporudi saa tano na nusu usiku watakuwa wamelala tena. Utakuwa mama wa wikendi, na wikendi yenyewe ndiyo ya dabo. Nisingemshauri mtu yeyote mwenye mtoto wa miaka mitano afanye hivyo kwa mwaka mzima.

Kozi ya jioni ni jambo jingine. Kwa kawaida huchukua miezi kumi na minane hadi miaka miwili, ikiwa na jioni tatu au nne za masomo kuanzia saa kumi au kumi na moja, na siku za vitendo zikiangukia wikendi au jioni pia. Wengi huiogopa kwa sababu ya urefu wake. Mimi ninaona ndiyo njia inayokufaa, kwa sababu kozi fupi uliyoiacha katikati ni ndefu kuliko ya miaka miwili uliyoimaliza. Katika shule nyingi masomo hufuatana kwa ngazi, na ukifeli somo moja kwa alama mbili tu huruhusiwi kuendelea. Unasubiri hadi kundi linalofuata lifikie somo hilo, jambo linaloweza kuchukua nusu mwaka au mwaka mzima. Alama ya kupita nayo si 40 wala 50 tuliyozoea nyumbani, bali hukaa katikati ya sabini na kuendelea.

Kikwazo chako ni kwamba kozi ya jioni na zamu yako ya jioni haziwezi kukaa pamoja. Hivyo jambo la kwanza, hata kabla ya kuomba nafasi shuleni, ni kwenda kwa mtu anayepanga zamu na kumwomba nafasi ya saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Unajua vizuri kwamba zamu hiyo ndiyo inayogombewa na kila mwenye watoto, na kwamba mahali pengi hutolewa kwa aliyetangulia kuajiriwa. Miaka sita inakupa sauti. Andika barua, eleza kwamba unasomea uuguzi na kwamba unakusudia kubaki hapo baada ya kupata leseni, na uiwasilishe miezi minne au mitano kabla ya masomo kuanza. Wakurugenzi wa uuguzi katika nyumba za wazee wanahangaika kutafuta LPN, na ombi la CNA anayemfahamu, anayekuja kazini hata theluji ikianguka, halipuuzwi kirahisi. Wakikataa kabisa, tafuta nyumba nyingine sasa, kuliko kuitafuta katikati ya somo la famakolojia.

Jambo la pili ni kupunguza saa bila kupoteza bima. Sheria ya afya ya 2010 inamhesabu mfanyakazi kuwa wa muda kamili akifanya wastani wa saa 30 kwa wiki, na mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa aina hiyo, wale wa muda mfupi wakijumlishwa kwa saa zao, anatakiwa kuwapa hao wa muda kamili nafasi ya bima au atozwe adhabu. Mahali pengi zamu nne za saa nane, yaani saa 32, zinatosha kukubakiza kwenye bima ya kazini. Uliza ofisi ya wafanyakazi swali moja kwa maandishi: ni saa ngapi za chini kabisa zinazobakiza bima ya familia, na je, mchango wangu wa kila mwezi utapanda nikishuka hadi hapo? Katika baadhi ya kazi, anayefanya saa 32 hukatwa zaidi kuliko wa 40, na kiasi hicho kinafaa kijulikane mapema. Jihadhari pia na kishawishi cha kuhamia kazi ya kuitwa kwa siku, ambayo hulipa dola chache zaidi kwa saa lakini haina bima wala likizo ya ugonjwa.

Zipo nyumba zinazotoa mpango wa wikendi, unaoitwa Baylor kwa kufuata hospitali ya Dallas iliyouanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu hufanya zamu mbili za saa kumi na mbili Jumamosi na Jumapili na kulipwa zaidi ya saa alizofanya. Kwa mwanafunzi wa kozi ya mchana asiye na watoto mpango huo ni mzuri sana. Kwako wewe utafunga siku mbili pekee ambazo mume wako huenda akawa nyumbani, na unaweza kugongana na siku za vitendo za kozi ya jioni.

Najua pia utakachoambiwa na wenzako: hamia kazi ya usiku katika nyumba za watu wenye ulemavu wa akili, ambako wateja hulala nawe unafungua kitabu. Ni kweli kwamba wengi wa jamaa zetu wamesomea huko, na kama zamu yenyewe ni ile ya kuruhusiwa kulala, nusu ya ubaya wake imeondoka. Ile ya kukesha ni hatari, na sisemi hivyo kwa kubahatisha. Mtu aliyekaa macho kwa saa 24 mfululizo hupungukiwa na umakini kiasi cha kulinganishwa na mwenye kilevi cha asilimia 0.10 katika damu, na kiwango cha kisheria cha dereva nchini Marekani ni 0.08 karibu kila jimbo. Anayetoka kazini saa moja asubuhi akaingia wodini siku hiyo hiyo anaendesha gari katika barabara ya 495 akiwa katika hali hiyo, kisha anashika sindano ya insulini. Shule kadhaa zimeweka katika kanuni zao kwamba mwanafunzi asifanye kazi usiku wa kuamkia siku ya vitendo, na mwalimu akikuona unasinzia anaweza kukurudisha nyumbani na siku ikahesabiwa umekosa. Kukesha usiku mmoja ambao haufuatwi na darasa wala wodi kunavumilika. Kuufanya huo kuwa mpango wa miaka miwili, hapana.

Sasa fedha, ambazo ndizo zinazowaachisha watu kimya kimya. Unaishi katika jimbo zuri kwa jambo hili. Tangu 2024 Massachusetts inagharamia karo na ada za vyuo vya jamii kwa wakazi wake wasio na digrii, kupitia mpango wa MassEducate, na baadhi ya vyuo hivyo vina cheti cha LPN. Shule za ufundi za kanda nazo hufundisha kozi hii kwa bei ya wastani, ingawa nyingi ni za mchana. Upande wa pili kuna shule binafsi za biashara ambazo karo yake hupita dola 20,000, zinazokupokea haraka, zenye matangazo mazuri na ofisa wa mikopo anayekusubiri mlangoni. Sisemi zote ni mbaya. Ninasema usisaini mkopo kabla hujakosa nafasi katika chuo cha jamii. Kwa kuwa una grini kadi unaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, kama raia, na ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia kilele cha dola 7,395 katika mwaka wa masomo wa 2025-26. Fomu hiyo hutazama mapato ya miaka miwili nyuma, yaani ya wakati ulipokuwa ukipiga dabo. Saa zako zikishuka, nenda ofisi ya misaada ya chuo na hati za malipo mapya, uombe wakadirie upya. Wana mamlaka hayo kisheria, ila wengi hawayatumii mpaka waombwe. Mwajiri naye anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka za masomo bila kiasi hicho kutozwa kodi, na nyumba nyingi za wazee zina mpango huo zikitaka uwatumikie kwa muda baada ya leseni. Soma kifungu kinachoeleza utadaiwa nini ukiondoka kabla ya muda huo kwisha.

Shule yoyote utakayoifikiria, kwanza tafuta jina lake katika orodha ya shule zilizoidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, na utazame ni asilimia ngapi ya wahitimu wake hufaulu NCLEX-PN mara ya kwanza, takwimu ambayo huchapishwa wazi. Ikiwa chini ya 80, uliza maswali magumu. Kuhusu njia za mkato nitasema mara moja tu: Januari 2023 waendesha mashtaka wa shirikisho waliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 kupitia shule tatu za Florida. Walionunua waliruhusiwa kufanya mtihani, na baadhi walifaulu na kuajiriwa. Majimbo yakaanza kuwanyang'anya leseni. Mtu akikuambia kwamba kuna mahali ambapo vitendo havihitajiki, kata simu. Nadharia inaweza kufundishwa kwa kompyuta, wodi haiwezi.

Kuhusu Nyeri, najua hili si jambo la kuandikiwa na mgeni, lakini nimeona wanafunzi wakiachia hapa kuliko kwenye somo lolote. Tatizo mara nyingi si kiasi cha kila mwezi cha mama, ambacho kinajulikana, bali yale yasiyojulikana: harambee ya matanga, karo ya mtoto wa ndugu, paa lililovuja, na kundi la WhatsApp la ukoo ambamo jina lako limeshaandikwa na kiasi pembeni. Kabla ya kuanza, kaa na mume wako mpange kiasi kimoja cha mama kisichoguswa, na kiasi kingine kidogo cha dharura zote za mwaka. Kisha umweleze ndugu mmoja anayeheshimiwa nyumbani, kaka mkubwa au shangazi, kwamba kwa miaka miwili uko shuleni na mchango wako utakuwa huo, ili yeye ndiye awe msemaji wako kundini. Asiyejua kwamba unasoma ataona umebadilika tu. Ikiwa uko katika chama cha kuchangiana fedha, malizia mzunguko uliopo na usiingie mwingine, au uombe zamu yako ya kupokea iangukie muhula wa kwanza, wakati wa kununua vitabu, sare, stetoskopu na viatu.

Watoto watahitaji mtu mmoja wa uhakika kwa zile jioni, na mtu wa pili kwa siku ambayo wa kwanza ameshindwa. Mume wako akiwa barabarani hahesabiki, hata akiwa mwema kiasi gani. Na kumbuka majira ya baridi: kati ya Januari na Machi shule za watoto hufungwa kwa theluji, ilhali nyumba ya wazee haifungwi, na mwalimu wako wa vitendo anaweza kuamua kwamba barabara zinapitika. Kubaliana na mama mwenzako katika jengo au kanisani mbadilishane siku hizo, na mkubaliane kabla ya Desemba.

Sasa nifike kwenye masomo yenyewe, maana kuna jambo ambalo CNA wenye uzoefu hawaambiwi. Miaka yako sita wodini itakusaidia sana katika kumgeuza mgonjwa, kupima presha na kuzungumza na mzee aliyekasirika, lakini katika maswali ya mtihani itakuangusha usipoiangalia. Chukua swali la aina hii. Umeanza zamu na una wagonjwa wanne. Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa mapafu, COPD, na oksijeni yake inasoma asilimia 90. Wa pili anaomba dawa ya goti, maumivu ameyapa 6 kati ya 10. Wa tatu ni bibi wa miaka 84 ambaye jana alikuwa timamu na leo asubuhi hajui yuko wapi. Wa nne ana bandeji ambayo ilitakiwa kubadilishwa saa moja iliyopita. Utaanza kwa nani?

CNA wa siku nyingi humwendea wa pili, kwa sababu wodini ndiye anayebonyeza kengele bila kukoma, au wa kwanza, kwa sababu namba 90 inatisha. Bibi humwacha, kwa kuwa katika nyumba ya wazee kuchanganyikiwa ni jambo la kila siku. Lakini swali limesema jana alikuwa timamu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee kunaweza kuwa maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, upungufu wa oksijeni au kiharusi kinachoanza, na kila dakika ina maana. Yule wa COPD, kwa asilimia 90, huenda yuko mahali pake pa kawaida, kwani kwa wagonjwa kama yeye lengo mara nyingi ni kati ya 88 na 92. Bibi ndiye wa kwanza. Umeona mtego ulipo: unachokijua kwa mazoea ya mahali pako pa kazi kimefunika neno moja lililoandikwa mbele yako.

Mtego wa pili ni jibu la "mwarifu nesi". Kwa miaka sita hilo ndilo limekuwa jibu sahihi, na limekulinda. Sasa nesi ni wewe. Yapo maswali ambayo kumwarifu RN au daktari ndilo jibu, lakini mara nyingi baada ya kufanya kilicho mikononi mwako: mgonjwa wa kisukari aliye macho, anayemeza vizuri, anatetemeka, na kipimo kimeonyesha sukari 52, yaani imeshuka mno, hupewa juisi kwanza na simu hupigwa baadaye. Wanafunzi wangu waliokuwa CNA huhitaji miezi kadhaa kuacha kulikimbilia jibu la kuarifu, na njia ninayowapa ni kujiuliza kwa kila swali: kama nipo peke yangu chumbani kwa dakika tano zijazo, mikono yangu itafanya nini?

Hesabu za dozi, ambazo Wamarekani wengi huziogopa, zisikutishe. Umekulia kwenye kilo na lita. Mtoto ana uzito wa pauni 44. Gawanya kwa 2.2 upate kilo 20. Daktari ameandika dawa ya homa miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 300. Chupa ina miligramu 160 katika mililita 5, kwa hiyo utampa mililita 9.4. Anayeweza kufanya hivyo bila kubabaika ameshavuka mtihani ambao katika shule nyingi hudai alama 90 au zaidi. Jizoeze kwa dakika kumi kila siku kuanzia sasa, pamoja na mtihani wa kuingilia wa TEAS, wenye maswali 170, ambao shule kadhaa huutumia.

Kazi nayo iwe darasa, kwa kiasi kinachoruhusiwa. Wewe ndiye unayepima presha za wazee wako, na umeshaona nesi akizuia kidonge cha presha cha metoprolol, asimpe mgonjwa, baada ya kusoma namba uliyomletea. Muulize kwa nini. Muulize kwa nini anayepewa furosemide hupimwa uzito, na kwa nini mwenye digoxin husikilizwa mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Dawa ishirini hivi ndizo zinazorudi katika kila kigari cha dawa cha nyumba ya wazee, na ukizijua hizo kwa sura za watu unaowalisha kila siku hutazisahau. Usifungue faili la mgonjwa kwa ajili ya masomo, hata ukipata nafasi. Sheria ya faragha haimtambui mwanafunzi aliyekuwa anajifunza tu, na unaweza kupoteza kazi na shule kwa siku moja.

Muhula wa mwisho ukikaribia, utajaribiwa kurudia dabo ili kuziba pengo la fedha lililofanyika. Zuia hilo mpaka NCLEX-PN ipite. Mtihani huo una maswali kati ya 85 na 150, kwa muda usiozidi saa tano, na ada yake ni dola 200 mbali na ada za bodi. Ufanye ndani ya wiki sita hadi nane baada ya kuhitimu, kabla kichwa hakijapoa. Wanaosubiri miezi sita kwa sababu ya zamu hurudi kwenye kitabu kama wageni. Kitaifa, kwa takwimu za 2023, LPN wa kati alipata karibu dola 60,000 kwa mwaka na CNA karibu 38,000. Dabo mbili ulizoziacha hazilingani na tofauti hiyo. Kuhusu kuruka LPN na kwenda moja kwa moja RN, ningelifikiria kama ungekuwa umeshapita anatomia na mikrobiolojia chuoni. Kwa kuwa hujaanza, LPN itakuinulia mshahara mapema, na daraja la kwenda RN litakuwepo ukiwa tayari.

Mwisho, KCSE ya 2003. Cheti hicho hakizeeki, na kwa kawaida hukubaliwa kuwa sawa na diploma ya sekondari ya Marekani kikishatathminiwa. Uliza shule kwanza inakubali tathmini ya shirika gani, maana nyingi hutaka mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, na usilipe kabla ya kupata jibu. Kisha omba KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa QMIS, itume uthibitisho wa matokeo moja kwa moja kwa shirika hilo, kwani nakala iliyopita mikononi mwako mara nyingi haikubaliwi. Anza na hili wiki hii, hata kabla ya barua ya zamu, kwa sababu ndilo linaloweza kuchelewa bila wewe kuwa na la kufanya. Na kama KCSE ina jina la ubini wako na grini kadi ina jina la ndoa, peleka nakala ya cheti cha ndoa shuleni na kwa watathmini kwa pamoja. Majina yasipolingana, faili lako litawekwa pembeni na hakuna atakayekupigia simu kukuambia.